Nyumba Nzuri ya Wifi Yangu

Wifi yangu Lavonne huanza kupamba nyumba mwezi wa tisa, wakati wenzake bado wanavaa kaptula. Hushuka chumba cha chini akapandisha masanduku ya plastiki kumi na manne, moja baada ya jingine, na kila moja lina karatasi iliyoandikwa kwa mkono: MLANGO WA MBELE. NGAZI. MEZA KUBWA. USIGUSE. Hilo la mwisho lilimhusu kaka yangu Harlan, mume wake, aliyewahi kulikalia akavunja bata mzinga wa udongo. Harlan ana miaka sita kaburini, na karatasi bado imebandikwa.

Mwezi wa kumi ukipita barabara ya kwetu hapa Alder Fork utaona magari yanapunguza mwendo mbele ya nyumba ile. Mabua ya mahindi yamefungwa kwenye nguzo za baraza. Maboga yamepangwa ngazini kwa ukubwa. Mlangoni kuna shada la majani mekundu, ameyakausha mwenyewe katikati ya kurasa za kitabu cha simu cha zamani. Ndani, maganda ya machungwa na mdalasini vinachemka taratibu jikoni, moto unawaka, na kila kiti kina blanketi lake. Ukiingia unataka kuvua viatu ulale hapo hapo.

Nasema kwa haki, maana nimezaliwa humo na najua ilivyokuwa kabla yake. Babu yangu ndiye aliyeijenga. Mama yangu aliandaa Sikukuu ya Shukrani, ile Alhamisi ya mwezi wa kumi na moja ambayo ukoo mzima hula bata mzinga, mle ndani kila mwaka kwa hasira na viazi vilivyoungua. Mimi nilipoolewa nilitoka mbio, wala sikugeuka nyuma. Nyumba yangu iko maili moja kutoka pale, vyumba viwili, meza ya watu wanne, na sijawahi kumkaribisha mtu sikukuu hata siku moja. Lavonne aliingia akiwa na miaka ishirini na mitatu. Mama akampa funguo, aproni, na sikukuu ile. Sasa ana sitini na saba.

Alichokileta yeye ni kitambaa cha meza. Cheupe, cha kitani, kirefu kuliko meza yenyewe. Kila mwaka baada ya kula, kila mgeni anaandika jina lake juu yake kwa penseli, halafu wakati wa theluji Lavonne anakaa dirishani anashona juu ya mwandiko kwa uzi, kila mwaka rangi yake. Waliokufa wapo pale. Yupo hata mchumba mmoja wa zamani wa Reid, mtoto wa kiume wa Lavonne; sura ya mchumba huyo hakuna anayeikumbuka. Jina lake lipo pale panapowekwa chumvi, kwa uzi wa zambarau, na kila mwaka mtu lazima amchokoze Reid.

Basi mwaka jana, mwezi wa tisa huo huo, Lavonne akaja kwangu. Hakuvua koti.

"Wifi, nikikwambia kitu utanyamaza?"

"Lini umeniona nimenyamaza?"

"Basi jaribu leo tu."

Akanieleza. Ana rafiki yake tangu shuleni, Marit, anayekaa mji wa Duluth kwenye jengo la wazee, mwendo wa saa tatu kwa gari. Ghorofa ya juu ya Marit kuna nyumba inaachwa wazi. Vyumba viwili, dirisha linaangalia ziwa. Wamemshikia yeye, ila jibu wanalitaka kabla ya saa sita mchana, Ijumaa ya kesho yake ya sikukuu.

"Oveni yake ndogo, Ardis," akasema. "Haiingii hata kuku!"

Akacheka. Loo, alicheka yule mwanamke mpaka akashika meza. Sikuwa nimesikia kicheko kile tangu Harlan hajanenepa.

"Ni mgongo?" nikamuuliza.

"Mgongo wangu mzima kabisa. Nimechoka kuwa nyumba. Mwaka juzi nilitaka kwenda kwa Marit mwezi wa kumi, wiki mbili tu. Unajua Janelle aliniambia nini? 'Mama, uondoke wakati majani yanageuka mekundu? Wakati wa majani ndio wewe!' Nikapanda juu nikafungua begi, nikatoa nguo."

Janelle ni binti yake, na ana moyo mzuri. Nalisema hilo mapema kwa sababu hakuna mbaya katika habari hii, na ndiyo maana inanitia hasira.

"Na kitambaa?" nikasema.

Akaona haya. Akavuta kiti chake karibu kama mtoto aliyeiba sukari. "Nilijiambia kikijaa, naacha. Sasa miaka mitatu hii nashona majina makubwa kuliko walivyoyaandika. Jina la Reid nimelivuta karibu shibiri."

"Mwizi wewe!"

"Imebaki kona moja. Mwaka huu kinajaa."

Nikampa ushauri mimi, tena bila kuombwa, ndivyo nilivyo. Nikamwambia waambie mezani, wakati wa kutoa shukrani, kabla mtu hajatia kitu mdomoni. Watu wenye njaa hawabishani sana. Akasema wataanza kulia, Reid atanuna, Janelle atataka kuitisha kikao. Nikamwambia: "Waache waanze. Wakianza, nitasimama mimi. Mimi ndiye niliyezaliwa mle, nani atanijibu?"

Akanishika mkono. "Utasimama kweli?"

"Nimesema nitasimama."

Akaenda zake, akapandisha masanduku yote kumi na manne.

Siku yenyewe tulikuwa watu kumi na tisa. Ni msimu wa kuwinda kulungu, kwa hiyo ukumbi wa mbele umejaa mabuti yenye matope na makoti ya rangi ya chungwa, na wanaume wananuka moshi. Mimi nilileta jeli yangu ya kijani yenye karoti, ambayo hailiwi na mtu na ambayo sitaacha kuileta. Meza ilikuwa inang'aa. Mishumaa, tufaha, vijitawi vya miti, bata mzinga wa kahawia, viazi vya kuponda, mchuzi mwekundu wa matunda ya kranberi, pai nne dirishani. Lavonne alikuwa hajakaa tangu alfajiri.

"Mama, kaa basi!" Janelle akamwambia.

"Dakika moja tu."

"Hizo dakika zako tangu nizaliwe hazijaisha."

Wote wakacheka, yeye naye akacheka, akaenda kutoa mikate.

Desturi ya kwetu ni hii: hagusi mtu uma mpaka shukrani zizunguke meza nzima. Zinaanzia upande wa mlango, kila mtu anasema anachoshukuru, zinakuja mpaka kiti cha karibu na jiko, ambacho ni cha mwenye nyumba. Kwa hiyo Lavonne husema wa mwisho kabisa. Hilo sikulifikiria nilipokuwa natoa ushauri. Miaka sabini nimekaa kwenye meza ile, na sikulifikiria.

Reid akaanza. Mwaka ule mke wake alikuwa amemwacha. Akaangalia sahani, akasema, "Nashukuru kwamba hata mambo yaharibike vipi huko, hii nyumba ipo pale pale." Mtu akamgusa bega. Aliyefuata akashukuru kwa afya na kwa nyumba hii. Aliyefuata akasema amesafiri siku nzima kwenye theluji akiiwaza harufu ya mlangoni. Britta, mjukuu wa miaka saba, akasema, "Nashukuru kwa nyumba ya Bibi kwa sababu haibadiliki." Wakasema oooh, kwa sauti ile. Kila mmoja aliyefungua mdomo alipigilia msumari, na wote walipigilia kwa upendo. Nikamtazama Lavonne. Alikuwa amekaa wima, mikono mapajani, anatabasamu na hapepesi macho.

Kisha ikawa zamu ya Janelle, naye akasimama, akainama chini ya kiti akatoa boksi lenye utepe.

"Mama, mwaka jana niliona kile cha majina kinajaa. Nikawa silali, nawaza tutaandika wapi." Akafungua. Kitambaa cha kitani, cheupe, kipya, kirefu, hakina hata doa. "Cha miaka arobaini mingine!"

Wakapiga makofi. Kitambaa kikapitishwa mkono kwa mkono mpaka kikamfikia. Akakishika pembe.

"Kizuri," akasema.

Nikashukuru mimi, haraka haraka, sikumbuki nilishukuru nini. Ikawa zamu yake. Akasimama. Mishumaa inawaka, watu wana njaa na wana furaha.

"Nashukuru kwa miaka yote hii," akasema. "Nawapenda wote. Na mwakani mtakula kwingine. Hapa kwangu ndio mwisho."

Sasa mumjue kaka yangu Harlan. Mtu yule kila mwaka, zamu yake ikifika, alikuwa anasimama na kisu cha kukatia nyama mkononi, uso mkavu, anasema: "Nashukuru mmekuja, na mwakani nendeni mkale kwenu." Kila mwaka, maneno yale yale, na kila mwaka watu wanavunjika mbavu. Tangu afe hakuna aliyethubutu kuyasema.

Watu wakatazamana. Halafu Reid akapiga meza kwa kiganja, machozi yanamtoka.

"Baba! Jamani, huyo ni Baba mtupu!"

Meza ikalipuka. Walicheka, walilia, walikumbatiana. Janelle akamrukia mama yake shingoni. "Umetufurahisha, Mama. Sikudhani utaweza kulisema."

"Hapana, sikilizeni," Lavonne akasema ndani ya mikono ya binti yake. "Mimi nasema kweli."

"Na Baba naye alikuwa anasema hivyo hivyo! 'Nasema kweli!'" Reid alikuwa hoi.

Lavonne akajaribu tena. Niliona midomo yake inatikisika ila makelele yalimmeza. Ndipo akageuza kichwa akaniangalia mimi.

Ilikuwa zamu yangu ya kusimama. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu. Nilikuwa na sauti, mnanijua nina sauti, ningeweza kuinyamazisha meza ile kwa neno moja. Nikaona dari ya babu yangu, nikaona watoto wanafuta machozi, nikaona kiti alichokuwa anakalia mama.

"Haya jamani," nikasema, "bata anapoa."

Tukala.

Ijumaa asubuhi nilimwendea. Nilikuta mlango wazi, wageni wamelala juu, wanaume wametoka kuwinda. Alikuwa chumba cha kulia, vyombo vimeoshwa vyote, kitambaa kipya amekitandaza mezani anakikunja pindo kwa pini. Simu ilikuwa kando ya mkasi.

"Umepiga?" nikamuuliza.

"Bado. Nilikuwa nakungoja wewe."

Ilikuwa saa nne na robo, na jibu la Duluth lilitakiwa kabla ya saa sita.

Nikavuta kiti. Nikaanza kusema kwamba wangeumia, kwamba Reid mwaka huu si wa kumbebesha jingine, kwamba labda mwakani. Alinisikiliza mpaka mwisho, maana yeye husikiliza watu. Pini zote zilipokwisha akaniuliza, taratibu, bila ukali:

"Kwa nini hukusimama?"

Nilikuwa na majibu kumi ya uongo. Nikampa la kweli, na sijui kwa nini nililiona kama zawadi. "Kwa sababu ni kwetu, Lavonne. Ukiondoka wewe, kwetu kunakwisha."

"Basi ungekaa wewe," akasema.

Hakuna tusi lililowahi kuniuma hivyo, na hata halikuwa tusi. Jibu lake nilikuwa nalo mdomoni: nenda, mimi nitahamia. Mume wangu amekufa, watoto wangu wako mbali, nyumba yangu naweza kuifunga kesho. Lilikuwa neno la kusema mara moja tu, naye angechukua simu. Nikaifikiria ile ngazi ya kwenda chini, nikafikiria watu kumi na tisa, kuamka saa kumi alfajiri kumtia bata ndani, kutabasamu mwaka hadi mwaka. Nikaona aibu, kisha nikaona kitu kibaya zaidi ya aibu. Niliona nimepata nafuu. Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba ni yeye.

Saa ya ukutani ikawa saa tano. Juu, mtoto akaamka, akaanza kuita, "Bibi! Bibi, kuna pai?"

"Ipo!" Lavonne akaitikia. Akasimama, akaniuliza kama nataka kahawa.

Nikasema nataka. Akaweka vikombe viwili, akakaa mbele yangu, simu katikati yetu, na tukanywa kahawa mpaka saa sita ikapita.