Magogo Kwenye Kiwanja cha Ngara

Celestini alikuwa mlinzi wa kiwanja cha ndege cha misheni kule Ngara. Kiwanja chenyewe kilikuwa majani yaliyofyekwa tu, na ng'ombe walikipenda kuliko ndege. Hata hivyo alijivunia. "Chai uliyoimimina hapa," alipenda kusema, "utaimalizia Mwanza ingali moto." Kwa basi ungelala njiani: Biharamulo, vumbi la Geita, kisha kivuko.

Majivuno hayo yakamtoa kwenye ngobyi. Ngobyi ni machela ya Wahangaza ya kubebea wagonjwa, na kila nyumba hutoa bega zamu yake ikifika. Celestini hakutoa. "Wagonjwa wangu mimi wanaruka," alisema. Wenzake wa kijiji cha ujamaa walicheka, lakini hawakusahau.

Vita vya Kagera vilipoanza, ikaja amri kiwanja kizibwe, adui asije akatua. Kijiji kizima kikaviringisha magogo hadi katikati.

Ndipo Clotilda, mkewe, akashikwa na uchungu, na mtoto amekaa vibaya. Daktari wa misheni akaita ndege kwa redio, akamtuma Celestini akaondoe magogo.

Hapo mtu hupiga yowe, majirani waje kusaidia. Celestini alifungua kinywa, yowe likamkwama. Angewaombaje mabega watu ambao hakuwahi kuwapa lake? Akalishika gogo la kwanza peke yake, akasukuma huku analia. Lilisogea. La pili halikutikisika kabisa.

Bado anahangaika nalo, akasikia muungurumo. Ule wepesi wa ndege aliojisifia ndio uliomponza. Ndege ikashuka hadi akamwona rubani akitikisa kichwa, ikapanda, ikazunguka tena. Watu wakatoka mashambani mbio, wakayavamia magogo bila kuulizana. Lakini mvua ilikuwa inafunga upande wa Biharamulo, na ndege ikageuka kurudi ilikotoka.

"Kwa nini hukutuita?" aliuliza Theonest, mkubwa wa ngobyi.

"Niliona aibu, mzee."

"Aibu haibebi mgonjwa. Shika mbele."

Wakambeba Clotilda kuelekea barabara kuu, wakatafute lori lolote. Celestini alishika mbele, zamu yake ya kwanza maishani, na hakukubali kupokewa. Clotilda alikata roho kabla hawajaiona barabara, na mtoto tumboni. Mabega yaleyale yalimrudisha nyumbani, na kesho yake yakampeleka kaburini. Hakuna aliyemkumbusha Celestini maneno yake ya zamani. Hilo lilimuuma kuliko matusi.

Vita vikaisha, magogo yakaondolewa, naye akaendelea kufyeka. Yowe la ngobyi likipigwa, hata kama si zamu yake, aliacha panga palepale akaenda. Na wageni walipomwuliza Mwanza ni mwendo gani kwa ndege, hakuitaja tena chai.

"Ni mbali," aliwajibu. "Anza kuita watu mapema."