Dada Eliza aliyewashusha wakubwa bondeni

Mpaka sasa naona kama wananitania. Nipo site nachanganya zege, simu inaita, naambiwa Dada Eliza amefariki. Jamani! Juzi tu tumesalimiana sokoni.

Kwa msiomjua, alikuwa coordinator hapa Babati. Kazi yake ilikuwa kuwakalisha pamoja watafiti wa chuo na madiwani, ili mji ukue bila kutuumiza.

Mimi ni kibarua kutoka Kasulu, shule niliishia darasa la tano. Nilikuwa namsaidia kubeba vifaa vya kupimia ardhi. Nikimwamkia shikamoo anacheka: "Baba Furaha, nani mkubwa hapa? Acha kunizeesha!"

Mnakumbuka lile bonde la Maisaka? Lilitaka kukatwa viwanja. Watafiti wakasema maji ya masika yanapita pale. Madiwani wakasema wananchi wanataka nyumba, siyo michoro. Kila upande ukanuna.

Yeye hakununa. Mvua ilipopungua akawaita wote bondeni. Diwani mmoja alikuja na viatu vya kung'aa, nikamwazima mabuti yangu.

Hajafika mbali, akapiga kelele: "Wewe, buti lako linavuja!"

Dada Eliza akamjibu: "Hilo ni buti tu, mheshimiwa. Ingekuwa sebule je?"

Diwani mwenyewe alicheka.

Watafiti nao hawakupona. Aliwageukia palepale: "Na nyie msiniletee hapana tupu. Leteni na pa kujenga." Wakarudi kazini, wakaonyesha mwinuko upande wa Sigino. Madiwani wakapitisha viwanja kule, bonde likabaki la bustani na majani ya ng'ombe.

Aliyekuwa mpangaji mwenzangu, Mama Zawadi, alikuwa ameshaweka roho yake kwenye kiwanja cha bondeni. Alimchukia Dada Eliza waziwazi, hata salamu alikuwa haitikii. Sasa amejenga kule juu. Masika haya maji yalishuka bondeni kwa kishindo, yeye kalala kwake na wajukuu, godoro kavu. Jana aliposikia msiba alilia kuliko sisi wote.

Najivunia sana. Cheti sina, lakini nikipita kule na toroli langu najua na mimi nilikuwepo.

Dada, kwetu ni mbali na hapa sina ndugu. Wewe ulikuwa ndugu. Kesho kaburi lako pale Bagara tunachimba sisi vibarua, tumeiomba familia wenyewe.

Lala kwa amani, Dada Eliza. Udongo tutaurudisha taratibu.