Nguo za Watoto wa Kaka

Marcelina alikuwa fundi cherehani kwenye baraza la Champaklal, muuza vitambaa karibu na soko la Tabora, na ukitaka kumkasirisha ulimwambia jambo moja tu: kwamba nguo ya mtoto ni nguo ya mtu mzima iliyokatwa fupi. Hapo angesimamisha cherehani na kukupa somo mpaka ujute. Mtoto ana tumbo, angesema, ana shingo fupi, tena hakai mahali pamoja. Kushona alifundishwa na masista wa misheni, na mwaka wa Uhuru alishona bendera hadi vidole vikaota sugu. Aliolewa, hakujaliwa mtoto, mume akaenda zake Mpanda akatafuta mwingine. Naye akarudi mtaani kwao Kitete, hapo hapo Tabora, akapewa chumba cha uani kwa kaka yake Sylvester. Watu walimhurumia kuliko alivyopenda.

Kitabu cha Kijapani kilikuja ndani ya robota la vitambaa. Champaklal alikifunua, akaona picha za watoto waliovaa magauni ya kola za duara, asione hata herufi moja ya kusomeka, akamrushia Marcelina.

"Chukua, fundi. Mimi nauza kitambaa, siuzi picha."

Maandishi hakuyajua, lakini michoro ya kukatia nguo aliijua. Gauni la kwanza liligoma kupita hata kichwani, baraza zima likamcheka, maana Wajapani huchora nguo kamili na kumwachia fundi mwenyewe aongeze nafasi ya mshono. Alipokwisha kugundua hilo, hakuna aliyemweza.

Kilichobaki ni namba. Mafundi wetu hupima kifua, bega na mkono, basi. Kitabu kile hakikujali kifua wala umri. Kila mchoro ulikuwa na namba yake, tisini, mia, mia na kumi, na Marcelina alihangaika nazo mpaka akang'amua kuwa ni urefu wa mtoto kwa sentimita, kutoka utosini hadi kisiginoni. Sasa huku kwetu kipimo hicho hakimhusu fundi wa nguo. Ni cha seremala wa majeneza na cha wachimba kaburi. Mtu mwenye akili zake hamnyooshei mtoto mzima utepe kutoka kichwani hadi miguuni. Marcelina alilijua hilo kama tunavyolijua sote, ila fundi aliyepata kitu kipya huwa haambiliki.

Akampima Pelagia, binti wa Sylvester, mtoto aliyeshinda na kulala zaidi kwa shangazi yake kuliko kwa mama yake. Alimsimamisha kwenye mwimo wa mlango, akatia alama ya chaki juu ya kichwa, akashusha utepe. Veneranda, mke wa Sylvester, alikuwa akipita na ndoo.

"Wifi! Unampimaje mwanangu namna hiyo?"

"Gauni tu, wifi. Ndivyo kitabu kinavyotaka."

"Hicho kitabu hakina mama?"

Veneranda akaifuta chaki kwa pindo la kanga, nusu anacheka, nusu amekasirika. Gauni lilipokamilika likamkaa mtoto vizuri ajabu, na Jumapili kanisani kina mama walimzunguka Pelagia badala ya kwenda nyumbani kupika. Yakaisha hapo.

Mvua za mwaka ule zilikuja na surua. Iliingia Kitete nyumba hata nyumba, ikachukua watoto wengi, na Pelagia akiwa mmoja wao. Hospitali walijitahidi, haikusaidia.

Asubuhi ya msiba wanawake walikuwa wamejaa chumbani, Veneranda amelala kwenye mkeka. Seremala akatuma kuuliza urefu, na hakuna aliyetaka kumnyooshea kamba mtoto yule. Sylvester akasimama mlangoni, macho yamevimba.

"Dada, seremala anauliza..."

"Mia kasoro mbili," alisema Marcelina.

Lilimtoka tu. Namba ilikuwa kichwani, na mtu akiulizwa anachokijua hujibu. Lakini Veneranda aliinua uso mkekani akamtazama. Kumpima mtoto angeweza kumsamehe. Kilichomshinda ni vile alivyojibu bila kufikiri, kama mtu aliyekuwa ameliweka tayari. Hakuna aliyetamka neno uchawi, ila lilikuwa linazunguka mle ndani.

Tangu hapo salamu zikawa za kutimiza wajibu. Ilipokuja operesheni ya vijiji, Sylvester akahamia upande wa Ipole na mke wake, wakalima tumbaku. Huko akazaliwa Damas, na baada yake wengine. Marcelina alibaki barazani akishonea watoto wa kaka yake kwa kukisia, kila nguo pana kidogo ili wakulie humo, na kila lori la Ipole lilipita na kifurushi chake. Vifurushi havikurudi. Kwa mtu aliyekuwa anaomba msamaha, hilo lilikuwa jibu tosha, na alifurahi peke yake miaka kadhaa.

Mwishowe akafunga safari. Sylvester alimpokea njiani, na kabla hawajafika nyumbani mwenyekiti wa kijiji, Masele, akawawahi kwa salamu ya kienyeji.

"Mwangaluka, dada! Huyu ndiye mjamaa wa kweli! Njooni, watoto, mumwone shangazi wa kijiji!"

Watoto wakaja mbio, watoto wa watu, na kila mmoja amevaa kola ya duara ambayo Marcelina aliikata kwa mkono wake. Damas alikuwa amesimama mlangoni kwa mama yake, na kaptura ya kaki ya dukani.

Jikoni, Veneranda alimwekea kigoda na kumpa maji. Halafu akasema, bila ukali wowote:

"Wifi, najua ilikuwa surua. Walikufa watoto ambao hata utepe hawajawahi kuuona. Lakini nikimvalisha mwanangu nguo ya mkono wako, nasikia sauti yako ikisema kasoro mbili."

"Nisamehe, wifi."

"Nilishakusamehe, hata kwa padri nilisema. Moyo ndio haukubali. Wewe endelea kushona, watoto wa watu wanazipenda."

Marcelina alilia pale pale jikoni, na Veneranda akalia naye, na halikubadilika neno.

Kesho yake Sylvester alimsindikiza kwenye lori la tumbaku. Damas aliwafuata mbio akasimama mbele ya shangazi yake, kijana wa watu, amekua.

"Shikamoo, shangazi."

Marcelina alitamani kumtazama akinai, maana alimpenda kama amemzaa. Lakini jicho la fundi halina adabu, hupima kabla hujalikataza. Akaitikia marahaba akiwa ameinamia vumbi, na hakuinua uso mpaka lori lilipoondoka.