Sahani ya Mwenye Mwiko

Nyumbani kwetu Ng'ambo, mjini Tabora, anayekula kwenye sahani ya peke yake ni mgeni au mgonjwa. Sisi wengine tunakula kwenye sinia. Wanaume lao liko barazani, wanawake letu liko ukumbini juu ya mkeka, na anayegawa nyama ni mama. Anaichambua kwa vidole, anasukuma kipande hiki kwako na kile kwa shangazi. Ukiona hujasukumiwa, ujue umemuudhi. Tangu nipate akili, nafasi yangu ilikuwa kuliani kwake. Nafasi hiyo niliipoteza kwa mdomo wangu mwenyewe.

Mimi ni afisa mifugo, nafanya kazi Bukene. Kila asubuhi niko machinjioni nakagua nyama: napasua ini, napapasa mapafu, natafuta minyoo, nikiridhika nagonga muhuri. Mwaka wa sita wa kazi hiyo nikaikinai nyama. Sikuota ndoto wala sikuhubiriwa na mtu. Siku moja nilirudi kwangu, nikafunua sufuria, mate hayakuja. Ikapita wiki, ukapita mwezi, mate hayakuja. Basi.

Sasa hilo "basi" ndilo lisilosemeka mbele ya ndugu. Idi ya kuchinja, kwetu, hatutii kitu mdomoni mpaka watu warudi kutoka kuswali na mbuzi achinjwe. Ini ndilo la kwanza kukaangwa, na ndilo la kufungulia kinywa. Mwaka juzi mama alinisukumia langu, nikamega chapati peke yake, nikasema ini sili.

"Una mimba?" dada yangu akauliza.

"Au kuna mtu kakupa dawa?" akadakia shangazi, dada yake baba, ambaye ulimi wake haujui sikukuu. "Au mbuzi wa kaka yangu ananuka?"

Sina subira, na sijawahi kuwa nayo. Mtu akiniuliza jambo mara tatu, nitasema lolote ili aniache. Nikasema, "Nina mwiko."

Wakarudi kwenye ini lao, na nilifurahi. Huku kwetu "sitaki" inabishiwa mpaka jua lizame, lakini mwiko haubishiwi. Koo za Kinyamwezi zina wanyama wao wasioliwa. Mwenye mwiko akimla mnyama wake, ngozi inamtoka mabaka. Watu wa mjini tunaswali swala tano na bado hatumchezei mtu na mwiko wake. Bibi mzaa mama alitokea pande za Bukene, kwa hiyo niliuegemeza uongo wangu huko. Nikasema wazee wa huko ndio walionieleza: ukoo wa bibi hauli mbuzi.

Kesho yake mama akanichinjia kuku. Nikasema na kuku. Jioni akaleta dagaa wa Kigoma, akawatenga kwa adabu. Nikasema na dagaa.

"Mwiko huu unazaa," shangazi akasema.

Mama hakucheka. Alikwenda sokoni akaninunulia sufuria, kijiko, na sahani ya bati yenye maua mekundu, kwa sababu mwiko una masharti yake: chombo kilichogusa kisicholiwa kisiguse chakula chako. Alivitundika ukutani peke yavyo. Tangu hapo, kila sikukuu nilikalishwa kwenye kigoda karibu na mlango, na sahani yangu ya wali mweupe na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, kayapika kwa karanga. Kilikuwa chakula kitamu kuliko vyote mjini Tabora, na nilikila nikiwa na hasira.

Kukaa kwenye kile kigoda sikuweza. Niliinuka kufuata chumvi ambayo sikuihitaji. Niliinuka kufukuza kuku ambao hawakuwa wameingia. Kutoka mlangoni nililiona sinia kwa mbali, migongo ya watu imelizunguka, vidole vyao vinagongana, wanacheka jambo ambalo sikulisikia vizuri. Nikiuliza, wanalirudia kwa sauti kubwa, kama wanavyosema na mgonjwa. Niliwaonea wivu, nikajionea aibu, na sikuwa na wa kumlaumu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilitoka Bukene mpaka Tabora kwa treni, sikukuu baada ya sikukuu, na haikuisha.

Mwaka huu niliapa ndani ya behewa kwamba nitasema. Nilifanya mazoezi ya maneno mpaka abiria wa mbele yangu akauliza kama ninaumwa. Nilipofika nilimkuta mama uani, anasugua sufuria ya nyama kwa majivu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usinishike, mikono yangu imetoka kwenye nyama. Ngoja ninawe."

Alinawa mara tatu. Alikuwa amekonda, mfupa wa bega ulionekana chini ya khanga. Maneno yangu yote ya kwenye behewa yakanikimbia. Nikachukua ufagio nikafagia ua, kisha nikaufagia tena.

Siku ya Idi watu walirudi kutoka kuswali, baba akachinja, ini likakaangwa kwa vitunguu. Nikapewa kigoda changu. Mama akakaa kwenye mkeka, akakata ini, akasukuma: kwa shangazi, kwa dada, kwa wake wa kaka zangu. Likaisha. Mkono wake ukarudi mtupu, ukachukua kachumbari.

Nilidhani nimeona vibaya. Ukaja wakati wa pilau, nikawa namtazama yeye tu. Alichambua nyama yote, akaigawa yote, kisha akala wali wa pembeni ambako mafuta hayajafika. Nani alifanya hivyo kabla yake kwenye sinia lile? Mimi, ile Idi ya mwaka juzi.

"Mama, mbona huli nyama?"

Akajifanya hajasikia. Shangazi akamjibia: "Ndiyo kwanza unaona? Tangu mwaka juzi huyu hagusi nyama wala samaki. Sisi tunashiba kwa niaba yake."

"Nyamaza, wifi," mama akasema. Kisha akageukia mlangoni, kwangu. "Si mwiko ni wa kwa mama yangu? Ukushike wewe, uniruke mimi niliyekuzaa? Na ule ukurutu wako wa utotoni, ulivyokuwa unajikuna mpaka damu. Mimi nakulisha supu kwa mkono wangu, nikidhani nakupa nguvu. Bibi yako alikufa mapema, hakuniambia. Sikujua, mwanangu. Nisamehe."

Mama yangu alikuwa ananiomba msamaha kwa mwiko nilioutunga ili niachwe nimalize chapati.

Niliinuka, na safari hii sikuwa nafuata chumvi. Nikapiga magoti kwenye ukingo wa mkeka.

"Mama, hakuna mwiko."

"Eti?"

"Niliutunga. Sikumuuliza mtu Bukene. Nimeikinai nyama tu, nikaogopa maswali."

Mama alinitazama kama anayesoma barua yenye maandishi madogo.

"Hakuna mwiko?"

"Hakuna."

"Na ukurutu?"

"Ulikuwa ukurutu tu, mama. Watoto wengi wanaupata."

Akanyoosha mkono mpaka upande wa shangazi, akachukua pande la nyama lililokuwa mbele yake, akalitia mdomoni. Mama alitafuna polepole bila kuniondolea macho, machozi yanamtoka, na hakuyafuta. Nilitamani anipige. Alipomeza alisema, "Lete sahani yako."

Nikaileta. Akaimimina yote kwenye sinia, kuliani kwake, wali mweupe na nsansa vikaegemea pilau. Sahani tupu akampa dada yangu.

"Kawawekee kuku maji," akasema. Kisha akaniambia, bila kupandisha sauti, "Radhi utaniomba kesho, na utaiomba vizuri. Leo Idi. Sogea."

Wakasogea wao kwanza, wakaniachia upenyo. Nikakaa. Mafuta ya pilau yalikuwa yameshaanza kuingia kwenye wali wangu, nikayaacha yaingie. Mama akarudi kwenye kazi yake ya kugawa. Akampa shangazi fidia ya pande lake, akampa dada, kisha mkono ukaja kwangu kwa mazoea, na nyama vidoleni. Ukasita. Akairudisha nyama katikati, akakusanya nsansa, ile ile iliyokuwa tayari upande wangu, akanisukumia.