Foni ya Kashikishi na Maneno ya Watu

Siku ya kwanza niliketishwa mbele ya apareyi, yaani mashine, nikakatazwa kuigusa. Kazi yenyewe ilikuwa foni, redio ya kuongea na watu wa mbali. Antena yake ilikuwa waya uliotandazwa kati ya nguzo mbili nyuma ya soko la Kashikishi, hapa Nchelenge, na moto wake, yaani umeme, ulitoka kwa batiri ya gari. Sisi tuliokimbia kutoka Kongo hatukuwa na njia nyingine ya kuwasikia ndugu zetu ng'ambo ya ziwa Mweru.

Chefu opereta, mkubwa wangu wa kwanza, hakuwa mtu wa kucheka.

"Feza," aliniambia, "jifunze kwanza kunyamaza. Batu babili bakisema pamoja, hakuna mwenye kusikia."

Aliyemaliza kusema aliongeza neno "avu," yaani zamu yako, ndipo mwenzake akajibu. Hewa ya redio ikichafuka, sisi maopereta tulipokezana maneno ya wateja, neno kwa neno.

Asubuhi moja Mama Ngoi, mchuuzi wa samaki, alikuja kumwita mume wake aliyebaki Kilwa ya Kongo. Hewa ilikuwa mbaya. Jibu la opereta wa Kilwa lilifika vipande: "Bwana yake... hayuko tena..." Kisha mngurumo tu.

Mama Ngoi alianguka chini. Wanawake waliongoja zamu wakalia naye, na mmoja akakimbia kumwita pasta. Nilinyoosha mkono nizime apareyi.

"Uliza tena," Chefu akasema.

"Chefu, mama analia."

"Alie. Weye uliza. Mutu hafi juu ya neno yenye kukatika."

Niliita Kilwa mpaka koo likakauka. Pasta alikuwa ameshafika na kuanza kuomba, ndipo sauti ikarudi safi: "Nilisema hayuko tena hapa. Alienda Pweto kutafuta mtumbwi, anakuja kwenu. Avu."

Nililirudia jibu hilo kwa sauti. Mama Ngoi alinitazama kama hanijui, kisha akanikumbatia kwa nguvu hata mikro niliyosemea ikaanguka.

Baadaye nilihamia Mununga, kwa patroni mmoja, mwenye foni yake, aliyependa haraka. "Kata, kata, batu banangoja!" ndiyo ilikuwa salamu yake. Halafu mnara wa simu ukajengwa mlimani, na wateja wakapungua hadi tukabaki wawili, mimi na yeye. Alishusha antena mwenyewe, akanipa waya nikaanikie nguo. Nikastaafu hivyo.

Siku hizi vijana wanaandika kwa simu "slt" na "cv," vifupisho vya hujambo na habari gani kwa Kifaransa, na salamu imekwisha. Habari ya msiba inaingia kwenye kundi la familia la simu na picha ya mshumaa, nawe uko sokoni unapima dagaa. Silaumu. Mama wa kambi ya wakimbizi anaona uso wa mtoto wake aliye Lubumbashi bila kumngoja mtu.

Kilichonishinda ni kuandika. Miaka yote nilisema maneno ya wengine. Mjukuu aliponipa simu nimwandikie Tausi, mdogo wangu aliyeko Kalemie, nilianza na jina lake tu. Niliandika, nikafuta. Mwishowe nikatuma: "Tausi, huku mvua imenyesha. Nakuwaza sana."

Jibu lilikuja kwa sauti, anacheka huku anavuta kamasi, akiniita yaya, yaani dada mkubwa: "Yaya, ni weye mwenyewe uliandika?"

Nikatafuta herufi moja moja. "Ni miye."