Kuku Wangu wa Sinema Wamemponza Mama Mkwe

Mhariri wa ukurasa huu, nakuomba ulifiche jina langu kama ulivyowafichia wengine, na shamba ninalofanyia kazi usilitaje. Mimi ni Mpare wa milimani, mwenye miaka thelathini na minne, nina mke na watoto watatu. Ni karani wa mizani katika shamba la mkonge huku bondeni, upande wa Makanya.

Wakati wa vita ya Hitla nilikuwa keya, askari wa Mwingereza, tukapelekwa Madagaska kupigana na Wafaransa. Nilirudi bila mali, lakini majivuno nilikuja nayo tele. Kila mtu nilimwambia kwamba Kifaransa nakijua. Ukweli ni kwamba najua salamu, ahsante, mkate, na "pule", yaani kuku, kwa sababu hao ndio tuliokuwa tukinunua kwa mwenye duka mmoja wa kule. Nani Upare angenisahihisha? Hata baba mkwe, Mungu amrehemu, alinipa binti yake huku akitamba kwamba amepata mkwe anayesema lugha ya ng'ambo.

Majuzi meneja wetu, Mgiriki, alitundika shuka jeupe uwanjani. Mke wake ni Mfaransa, na alikuwa ametumiwa sinema ya kwao, ya wahalifu na bastola. Watu walikuja hata kutoka Same. Meneja akauliza ni nani atawafasiria watu. Wenzangu wakanisukuma mbele, "Karani! Karani anakijua!" Ningekataaje, jamani, baada ya kujisifu miaka yote ile?

Tukaona wanaume wenye makoti marefu wakivunja duka la vito, na mwanamke mwenye mkoba mkubwa akiwangoja ndani ya motokaa. Wanaongea kama cherehani, nami sishiki hata neno moja. Jasho linanitoka. Ghafla mmoja akachungulia dirishani, akapiga kelele, "Pule! Pule!" Nilishukuru Mungu. Nikatangaza kwa sauti ya kijeshi, "Kuku! Watu hawa wameiba kuku!"

Mzee mmoja akaniuliza, "We karani, hao kuku wako wapi? Mbona hatuwaoni, wala hawalii?" Hapo ningeweza kunyamaza. Badala yake nikajibu, "Wamelishwa mahindi yaliyolowekwa kwenye pombe, mzee. Wamelewa, wamelala. Yule mwanamke ndiye aliyewalewesha, wamo mkobani mwake." Watu wakanipigia makofi, nami nikainua kichwa.

Kesho yake maoni yalikuwa ni hayo hayo kila mahali. Mwinjilisti alisema sinema imehubiri amri ya saba, usiibe, vizuri kuliko yeye. Mfugaji mmoja wa nyikani alichukizwa kabisa. "Wanaume wazima, wana bunduki, wanaiba kuku? Hawakuona ng'ombe?" Wanawake wakasema Wazungu nao ni watu tu, wenye tamaa kama sisi. Ila wote walikubaliana juu ya jambo moja, kwamba ule ujanja wa mahindi na pombe ni mpya, na inafaa watu wawe macho.

Mke wa meneja alinifuata mizanini akiwa ameshangaa. "Karani, kwa nini watu nasema kuku? Hapana kuku." Nikamtajia lile neno pule. Mama yule alicheka mpaka akashika mbavu. Kumbe wahuni wa kwao wakiwaona polisi huwaita kuku! Wale watu walikuwa wanaonyana kwamba askari wamefika. Niliona aibu, lakini nikajipa moyo kwamba uongo wangu haujamdhuru mtu.

Sasa sikieni. Mama mkwe wangu ni mjane, anaishi peke yake huko mlimani. Anatengeneza dengelua, pombe yetu ya miwa, na hushuka nayo sokoni akiwa na kikapu kikubwa. Jirani yake, aliyekuwepo kwenye sinema, aliamka akakuta banda lake tupu. Mimi nadhani kuku waliliwa na kicheche. Yeye akasema, "Hatukusikia kuku kulia. Nani hapa ana pombe, ana mahindi, na ana kikapu?" Majirani wakaenda wakampekua mama mkwe, wakakuta mahindi ya kuku wake mwenyewe karibu na mtungi. Kesi imepelekwa kwa jumbe, itasikilizwa mavuno yakiisha.

Mama wa watu hashuki tena sokoni. Pombe yake, iliyokuwa ikigombewa kwenye kila harusi, imechachia mtungini. Kanisani wanawake humwachia benchi zima. Watoto wakimwona wanakimbia wakipiga kelele, "Mama Pule! Mama Pule!" Mke wangu analia, anauliza ni nani aliyewafundisha watoto neno hilo. Mimi naangalia chini.

Nimefikiria kwenda kwa jumbe kusema kweli. Nikiinuka tu, nawaona watu wote waliokuwa uwanjani, namwona mke wangu akigundua kwamba aliolewa kwa uongo, nami naketi tena. Kwa desturi yetu mimi na mama mkwe hatutazamani usoni wala hatuongei hovyo. Nitamkiriaje jambo kama hili mbele ya baraza zima?

Jumapili mke wangu alirudi kutoka kumwona, akiwa na furaha ambayo sijaiona siku nyingi. Akaniambia, "Mama anakusalimu. Anasema asingekusumbua, lakini wewe ndiye shahidi wake. Twende ukamweleze jumbe kwa Kifaransa chako kwamba yeye si kama yule mwanamke wa sinema. Anasema watu wote watakusikiliza wewe, kwa sababu wewe huwezi kukosea."

Wasomaji wenzangu, nichekeni kwanza, nimestahili. Mkimaliza kucheka, niambieni: siku ya kesi nikiitwa mbele, nifungue kinywa niseme nini?