Mahindi ya Wageni

Fundi alikuwa amechoka uchovu usiotibika kwa usingizi. Alikaa kwenye kigoda ndani ya karakana yake, kofia ya mradi kichwani, fulana ya mradi mwilini, akiwasubiri wageni wa mradi. Majirani walishaacha kumwita Fundi. Siku hizi alikuwa Semina. Walipita na majembe yao wakimuuliza leo anafundisha nini, naye aliinua mkono tu, maana hata kutukana kunataka nguvu.

Balaa lenyewe lilianza kwa wema. Dada yake mkubwa alifiwa na mume, akabaki na shamba, vidole vilivyochubuka kwa kupukuchua mahindi, na baiskeli isiyo na wa kuipanda. Akamletea mdogo wake baiskeli. Fundi akaikata, akaichomelea pipa lenye meno ya nondo, tandiko na pedeli akaviacha palepale. Ikawa mashine: mmoja anaendesha, mwingine anaingiza mahindi, punje zinamwagika chini na gunzi linatokea ubavuni. Dada alitoa sharti moja tu, kwamba kila msimu mahindi yake yapite kwanza.

Kisha Mfuko wa serikali wa ubunifu vijijini ukapata habari. Ulikuja na magari mawili na maneno mengi. Mashine ikapakwa rangi ya bluu, bango likasimikwa barabarani, Fundi akapigwa picha ameshika spana ambayo hata si yake. Tusimwonee, siku ile alifurahi. Mtu aliyezoea kuitwa kwa "we, geti langu limeng'oka" akiitwa mbunifu mbele za watu, kichwa lazima kivimbe kidogo.

Kazi ilianza makofi yalipoisha. Wageni walikuja kujifunza, wakaondoka, wakatuma wengine waje kujifunza namna wale wa kwanza walivyojifunza. Yeye naye alipelekwa mjini, kwenye ukumbi wa baridi kali, akakaa na wabunifu wenzake wakielezana yale waliyoelezana semina iliyopita. Huku nyuma mageti ya wateja yaliegemea ukuta yakiliwa na kutu. Alipoomba vyuma atengeneze mashine ya pili, ili majirani nao waipate, afisa wa mradi, kijana mpole mwenye viatu visivyojua tope, alimjibu kwa huruma kabisa.

"Mzee wangu, fungu hili ni la kusambaza maarifa. Si la kusambaza mashine."

Mashine nayo ikawekewa miiko. Isitumike ovyo, rangi itachubuka. Ifunikwe turubai. Na mwiko mkubwa kuliko yote: mahindi yasiyopukuchuliwa yawepo wakati wote, maana wageni hawaonyeshwi kazi iliyokwisha. Ya Fundi mwenyewe yalimalizwa na wageni wa mwanzo, kikapu baada ya kikapu. Msimu huu akaazima ya dada. Mavuno yake yote yakarundikwa karakanani kuusubiri ujumbe mkubwa. Ujumbe ukaahirishwa. Ukapangwa tena, ukaahirishwa tena. Mara mkubwa ana udhuru, mara gari lina udhuru.

Asubuhi hiyo dada aliingia bila kupiga hodi. Akachukua hindi moja juu ya rundo, akaligonga kwenye meza ya chuma. Ukamwagika unga, na fukusi wawili wakatoka wakitembea polepole, kama wametoka kwenye chai ya semina.

Hakupandisha sauti, na hilo ndilo lililomuuma Fundi. Alisema nyumbani kuna wajukuu na ghala tupu. Yangekuwa yamepukuchuliwa angeyaanika, angeyatia dawa, angeyafunga. Wiki moja zaidi humu ndani, atakuja kubeba vumbi.

"Wanakuja leo, dada. Safari hii wamethibitisha."

"Na hawa?" Alionyesha fukusi. "Hawa walithibitisha lini?"

Fundi aliwapangusa fukusi mezani kwa kiganja.

"Mdogo wangu, hii baiskeli ilikuwa ya nani?"

Fundi aliinuka, akalivuta turubai. Usidhani ulikuwa ushujaa. Kuna kuchoka kwa kungoja na kuchoka kwa kazi, naye aliona bora huku kunakoacha kitu sakafuni. Dada akafunga kanga vizuri, akapanda kwenye tandiko la marehemu, akaanza kukanyaga.

"Alikuwa akilalamika kwamba hili tandiko linauma," alisema baada ya muda. "Kumbe hakuwa mwongo."

Walipumzika, wakapokezana tandiko, wakaendelea. Rangi ya bluu ilibanduka vipande vipande, na hakuna aliyekufa. Rundo lilipoisha, mengine yalikuwa yameharibika, ila mengi yalipona. Dada aliyafunga kwenye magunia, akakaa juu yake kama askari wa lindo.

Ndipo ujumbe ulipofika, suti tupu.

Afisa aliona grisi, akaona rangi, akatafuta mahindi kwa macho hadi juu ya dari. Fundi akamwambia yamekwisha. Kijana alimeza mate, akatazama magunia, akamtazama aliyeyakalia, akaghairi. Kisha akamsogelea Fundi sikioni.

"Magunzi je, yapo?"

Yalikuwepo, tele. Basi Fundi akapanda, akakanyaga kwa miguu iliyokwisha kufa ganzi, na afisa akaingiza magunzi matupu upande mmoja, yakatoka matupu upande wa pili. Wageni walisimama mbali kwa kuogopa vumbi. Kiongozi wa ujumbe aliokota gunzi moja, akaligeuzageuza, akasema hajawahi kuona mashine inayopukuchua bila kubakiza punje hata moja. Makofi yakapigwa. Dada akaangalia mlangoni, mabega yakimtikisika kwa kicheko alichokizuia.

Wakati wa kuagana afisa alimkumbusha kwamba mwezi ujao kuna ujumbe mwingine, mahindi yawepo.

"Nitawawekea haya haya magunzi," Fundi alisema. "Fukusi hawayataki."

Kijana alifikiri, akaitikia kwa kichwa, bila kucheka.

Magari yalipoondoka, Fundi alipakia magunia ya dada kwenye mkokoteni, akaanza kuusukuma, kofia ya mradi ikimshukia machoni. Walipofika kwenye mlima dada alikuja nyuma, akashika upande wake, wakasukuma pamoja.